Siku Moja Tarangire: Mwongozo Kamili wa Kwenda Mbugani Kutoka Arusha au Moshi

Magari ya watalii hupita Kisongo kila siku kabla jua halijapanda, na wengi wanaoyapisha hawajawahi kumwona tembo porini, ingawa wanaishi mwendo wa saa mbili tu kutoka kwake. Kinachowazuia mara nyingi ni bei walizoziona zimeandikwa kwa dola. Bei hizo si zao. Mtanzania hulipa kwa shilingi, na kiingilio chake cha Tarangire kimekuwa 10,000 kwa mtu mzima kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani 11,800 ukijumlisha. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu sana, na wa chini ya miaka 5 haulizwi kitu. Viwango hupangwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo tazama jedwali la TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, la mwaka wa fedha mnaokwenda.

Gharama kubwa ni gari, na hiyo hugawanywa kwa waliomo. Kwa hiyo shida yenyewe si mfuko wa mtu mmoja, ni kupata watu sita wanaoaminika kuamka saa 10 usiku.

Kwa nini Tarangire

Kosa la kwanza la wanaokwenda mara ya kwanza ni kutaka kuona kila kitu siku moja: Manyara asubuhi, kreta mchana, Tarangire wakirudi. Hiyo ni siku ya kutazama lami. Chagua hifadhi moja.

Serengeti iondoe kabisa kwenye mipango ya siku moja. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Arusha, na nusu ya njia hiyo ni vumbi. Kreta ya Ngorongoro inawezekana kwa siku moja lakini inachosha, gari la kushuka lazima liwe la kuendesha magurudumu yote manne, na kushuka kwenyewe kuna tozo yake juu ya kiingilio. Anayetaka kreta alale Karatu. Hifadhi ya Taifa Arusha, iliyo jirani na Usa River, inawafaa wenye watoto wadogo au wenye nusu siku tu: kuna twiga, nyati, mbega weusi kwa weupe na maziwa ya Momela, na unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye silaha. Ila simba hakuna, na mtoto aliyeahidiwa simba hasahau. Watu wa Moshi wana Mkomazi pia, kupitia geti la Zange karibu na Same. Ni nzuri kwa mbwa mwitu na faru waliomo kwenye uzio, lakini wanyama wengine wako mbali mbali na wana woga.

Tarangire ina eneo la kilomita za mraba 2,850 na mto mmoja unaobaki na maji kiangazi chote. Hiyo ndiyo siri yake. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mabwawa ya Simanjiro na nyika za jirani yakikauka, wanyama hulazimika kuurudia mto huu. Huhitaji kuwatafuta, unasubiri wanywe. Mvua zikianza Novemba, nyumbu na pundamilia hutawanyika kuelekea Simanjiro na upande wa Ziwa Natron, na anayekwenda Aprili hukuta majani marefu, matope na mibuyu mizuri sana isiyo na mtu chini yake. Septemba ndio mwezi wetu. Vumbi ni kali, lakini makundi ya tembo ni makubwa.

Gari na hesabu yake

Mnaweza kuingia na gari lenu binafsi. Noah nyingi huingia Tarangire kiangazi na kutoka salama, ila hukaa chini mno kwa korongo za pembezoni, na ukiwa umekaa ndani yake majani ya mita moja tu yanakuficha simba. Gari linalofaa ni Land Cruiser iliyorefushwa yenye paa la kuinua. Ina viti saba vya abiria, lakini wekeni watu sita: kiti cha saba huwa cha mikoba, na anayekaa pale hupigwa na mlango wa friji siku nzima.

Mkikodi, ulizeni haya kwa maandishi kabla ya kutuma hata shilingi:

– Bei ni ya gari zima au kwa kichwa?
– Mafuta yamo? Kiingilio cha gari na cha dereva vimo?
– Kuna kikomo cha kilomita au cha saa?
– Likiharibika njiani, nani analeta lingine, na kwa muda gani?
– Leseni ya biashara ya utalii ya mwaka huu iko wapi? Waombe picha yake.

Swali la mwisho si la kuringia. Mtu mwenye gari binafsi anayebeba abiria wa kulipa bila leseni ya utalii anaweza kukwama getini, na ninyi mkakwama naye. Malipo ya awali yaende kwenye lipa namba yenye jina la kampuni ileile iliyo kwenye leseni. Likitokea jina la mtu binafsi, simameni hapo hapo.

Mkienda na gari lenu, pigeni hesabu ya mafuta hivi. Arusha hadi getini ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240. Ndani mtazunguka kati ya 80 na 100. Jumla ni kama 330. Gari la dizeli la ukubwa ule, kwa lita moja kila kilomita 6, linataka lita 55. Jaza 70, maana ndani mtaenda gia ya pili na ya tatu muda mwingi, na injini itaunguruma bila kutembea. Jazeni Arusha usiku wa kabla. Pampu ya Makuyuni ni ya dharura.

Vitambulisho na malipo

Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA, pasipoti au kadi ya mpiga kura. Picha kwenye simu isiwe tegemeo lako pekee. Kwa watoto chukueni nakala ya cheti cha kuzaliwa, hasa wa miaka 4 hadi 6 na wa 15 hadi 17, kwa sababu hao ndio wanaobishaniwa. Ndugu aliyekuja likizo kutoka nje akiwa na pasipoti ya nchi iliyo nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki atalipa bei ya mgeni, hata kama alizaliwa Kaloleni. Mwambieni mapema asije akaharibu siku ya wote kwa kubishana na karani. Mgeni mwenye kibali cha kuishi nchini ana daraja lake, naye aje na kibali chenyewe.

Pesa taslimu getini msizitegemee. Malipo ni kwa kumbukumbu namba ya serikali, ile ambayo kila mtu huiita kontro namba, kupitia benki au simu. Tatizo la kawaida si pesa, ni mtandao: magari kumi yamepanga foleni, mfumo unazunguka, na saa moja ya mwanga mzuri inapotea. Kampuni yenye leseni huandaa malipo siku moja kabla, nanyi mkienda wenyewe hakikisheni salio limo kwenye simu mbili za mitandao tofauti, sio moja. Gari nalo hulipiwa, kwa uzito wake likiwa tupu, kwa hiyo kadi ya gari iwe ndani. Lenye namba za nchi jirani hutozwa kwa dola.

Jioni ya kabla

Pima upepo wa matairi yote matano. Tairi la akiba ndilo husahaulika, na ndilo litakalowalaza njaa. Hakikisha jeki inafanya kazi na spana inaingia kwenye nati za magurudumu ya gari hilo, si la mwaka juzi. Ongeza kipande cha ubao mnene cha sentimita 30 kwa 30: kwenye udongo wa mbuga jeki huzama badala ya kuinua gari, na ubao huo ndio unaoiokoa. Kamba ya kuvutia, chepe, tochi.

Nguo ziwe za rangi ya vumbi, kijivu au kijani kilichopauka. Bluu iliyokoza na nyeusi ziacheni nyumbani. Sio ushamba wa kuiga wazungu, ni mbung'o. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, na ndiyo maana ndani ya hifadhi mtaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimening'inizwa mitini: ni mitego yenye dawa. Dawa ya kujipaka haiwasumbui sana, na sindano yao hupenya jinzi. Mkipita kwenye pori la migunga fungeni vioo na paa, kwa sababu hufuata kitu kikubwa kinachotembea. Akiingia, kumpiga kofi hakutoshi. Mbung'o huzimia, akaamka. Mbonyeze kwa kitambaa mpaka usikie amepasuka.

Kila mtu maji lita 2 hadi 3, kofia, na kanga au mtandio wa kuziba pua wakati gari lingine linapopishana nanyi. Sweta pia, hata Septemba: saa 11 alfajiri Monduli kuna upepo. Kwa wapiga picha wa simu, shoneni mfuko wa kitambaa, tieni kilo moja ya mchele, mfunge. Ukiuweka dirishani na kuegemeza simu juu yake mkono hautikisiki, na hushinda vifaa vingi vya dukani. Darubini moja ya 8x42 inatosha gari zima, mradi kuna sheria ya dakika mbili mbili.

Njiani

Kutoka Arusha ondokeni saa 10:30 alfajiri. Kutoka Moshi saa 9 usiku, mkitumia barabara ya mchepuko inayopita kusini mwa jiji badala ya kukatiza mjini. La sivyo laleni Arusha. Kuanzia Kisongo ni lami tupu: Meserani, Makuyuni, kisha msikate kulia kwenda Mto wa Mbu, nyoosheni kuelekea Babati mpaka Kwa Kuchinja. Hapo kuna kibao, mnakata kushoto, kilomita 7 za changarawe hadi getini.

Vibao vya 50 vijijini viheshimuni hata usiku. Faini ni moja, ng'ombe aliyelala lami ni jambo jingine. Kwa mwendo wa kawaida mtafika kati ya saa 12:30 na saa 1 asubuhi. Getini kuna vyoo. Kila mtu aingie, hata asiyejisikia. Mbugani hakuna kuchimba dawa. Kushuka kwenye gari kunaruhusiwa sehemu zilizotengwa tu, na ya karibu huenda ikawa mwendo wa saa nzima.

Ndani

Kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, lakini anayekwenda 50 haoni kitu. Nendeni 20. Msiache barabara hata kama chui yuko mita 40 porini: ni kosa, dereva hupigwa faini, na alama za matairi kwenye udongo mkavu hubaki miaka.

Saa mbili za kwanza zitumieni kwenye barabara zinazoandama mto, si kwenye vilima. Mara nyingi watu hufanya kinyume: wanakimbilia kinamasi cha Silale kilicho mbali kwa sababu wamesikia kuna simba, wanafika jua limeshakuwa kali, simba wamelala kwenye majani. Silale ni ya saa 4 na kuendelea, wakati tembo na nyati wanaingia kwenye tope. Na kwenye miti ya pembezoni mwake, kiangazi, tazameni juu kwenye mapanda kwa ajili ya chatu. Wengi hupita chini yake wakitazama mbali.

Simameni mahali mto umepinda na kuna mchanga mwingi, zimeni injini, kaeni dakika 15. Dakika ya tano mtu ataanza kulalamika. Ya kumi mtaona jike mkubwa wa tembo akitangulia, anasimama ukingoni, anainua mkonga kunusa, kisha kundi lote linashuka na watoto katikati. Maji ya juu ya mchanga yakiwa machafu hawayagusi. Jike huchimba kwa mguu wa mbele, anachota mchanga kwa mkonga na kuutupa pembeni, anasubiri shimo lijae maji yaliyochujwa, ndipo anakunywa. Akiondoka, pundamilia na ngiri waliokuwa wamesimama nyuma kama watu wa foleni ya bomba husogea kunywa kwenye shimo lilelile. Gari linalokimbia kutafuta simba hupita hapa kwa sekunde nane.

Mibuyu nayo isomeni. Ile iliyobabuliwa maganda hadi urefu wa mita tatu imefanywa hivyo na tembo, wanaotafuna nyuzi zake zenye maji wakati wa ukame.

Simba na chui mara nyingi utaonyeshwa na wengine kabla hujawaona. Swala pala kumi wakiwa wamesimama masikio yote yameelekea upande mmoja, kuna kitu upande huo. Tumbili akipiga kelele juu ya mti bila kunyamaza, tazama chini yake. Tai walioshuka chini wana mzoga. Walio juu ya mti bado wanasubiri mwenye mzoga aondoke, na huyo ndiye mnayemtafuta. Chui tafuteni mkia, si mwili: unaning'inia wima chini ya tawi lililolala, hasa kwenye miegea na migunga mikubwa. Na ukimsikia dereva kwenye redio akitaja sharubu, jua ni simba. Madoa ya juu ni chui, kwa kuwa yuko mtini, na ya chini ni duma. Ni lugha yao ya kuwaficha wageni mshangao, ila Mswahili huielewa baada ya dakika moja.

Mkifika penye magari mengi, zimeni injini na msubiri zamu. Usimwombe dereva alizunguke gari jingine ili umkaribie mnyama. Mwambie tu, "Kiongozi, hatuna haraka," na utamwona anatulia yeye mwenyewe.

Tembo barabarani

Hapa ndipo makosa ya kweli hutokea. Tembo aliyesimama ametandaza masikio na kutikisa kichwa bado anaonya. Akiyalaza masikio, akakunja mkonga kifuani na kuja, hilo si onyo tena. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, na mapaja yaliyolowa mkojo, yuko kwenye kipindi cha kupandwa na ashiki: mpeni mita 100 na msibishane naye njia.

Kanuni ni mbili. Msisimame kati ya jike na mtoto wake, na msisimame mahali ambapo hamna pa kurudi nyuma. Wakiwa wameshawazunguka na wametulia, injini ibaki imezimwa. Kuiwasha ghafla ndiko huwashtua. Mkiwa mnawaona wanakuja tangu mbali, iacheni iungurume polepole na dereva awe ameshaweka gia ya kurudi. Honi na kupiga mlango kwa mikono, hapana. Mtoto akilia ndani ya gari, mpeni biskuti.

Chakula

Kuleni kwenye eneo lililotengwa, kama Matete, ambako kuna meza, vyoo na mandhari ya mto. Kuna pia tumbili. Wanafanya kazi wawili wawili: mmoja anakaa mbele yenu akijikuna, mwingine anatoka nyuma. Chakula kibaki ndani ya gari vioo vimefungwa, kila mtu atoe cha mkononi tu, na paa lishushwe. Gari lenye paa wazi ni jiko lao. Chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi zilizokaangwa hustahimili joto. Wali wa nazi huchacha kabla ya saa 7. Msiwatupie wanyama chochote, na taka zote zirudi mjini.

Pancha

Ikitokea, msisimame papo hapo kama pana vichaka. Sogezeni gari polepole, hata kwa kuharibu mpira, mpaka pa wazi. Kagueni pande zote kwa dakika mbili mkiwa ndani. Kisha dereva na mtu mmoja wa kumsaidia washuke, mwingine asimame juu ya kiti kichwa nje ya paa akizunguka kwa macho, kazi yake ikiwa hiyo tu. Legezeni nati kabla ya kuinua gari. Wengine wabaki ndani. Mkiona haiwezekani, subirini gari lijalo. Kwenye barabara za mto haipiti nusu saa. Kutembea kwenda kuomba msaada ni marufuku, na simba hawajali kuwa mna sababu nzuri.

Kwenye matope, dereva asikanyage mafuta zaidi pale gurudumu linapozunguka bure. Udongo mweusi wa mbuga hujaza meno ya tairi na kuligeuza kuwa mpira laini. Kila mzunguko unachimba kaburi. Aweke gia ya chini ya magurudumu manne mapema, kabla ya kuingia, na asisimame katikati.

Kurudi

Anzeni kuelekea getini saa 10:30 jioni hata kama mko mbali kidogo tu, maana mwanga wa jioni utawasimamisha mara tatu njiani. Lengo ni kutoka saa 11:30. Barabara ya Babati usiku ina malori yasiyo na taa za nyuma na pikipiki zisizo na taa kabisa, kwa hiyo dereva aliyeamka saa 10 usiku abadilishwe Makuyuni kama kuna mwingine mwenye leseni, au anywe chai pale na kupumzika dakika 20.

Kama gari ni la kukodi, pigeni picha pande zake zote nne na kipimo cha mafuta kabla ya kulirudisha. Kama ni lenu, kesho yake fungueni chujio la hewa na mlipulize kutoka ndani kwenda nje. Siku moja ya vumbi la Septemba inatosha kulifanya gari livute kwa shida wiki nzima, na fundi akaanza kuwauzia vitu visivyohitajika.